Mnazi Mmoja: Uwanja Ulioachwa Wazi kwa Makusudi

Ukitembea kutoka Posta kwenda Kariakoo unapita miji mitatu. Upande wa baharini kuna barabara pana, miti mikubwa ya kale, Ikulu, Makumbusho ya Taifa na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Ukiiacha bahari nyuma unaingia Kisutu na mitaa ya Jamhuri, Indira Gandhi na Libya. Huko maghorofa yamebanana, chini maduka, juu familia, misikiti na mahekalu ya Kihindi yakipakana. Halafu unavuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mji unakatika. Kuna nyasi, miti, mnara wa Mwenge wa Uhuru, shule, hospitali na viwanja vya michezo vya Kidongo Chekundu. Ukishavuka na Mtaa wa Lumumba, mji unaanza upya kwa kishindo: mikokoteni, machinga, mabunda ya nguo, maghorofa mapya juu ya viwanja vidogo vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka.

Swali ninalotaka kulifungua ni hilo la katikati. Imekuwaje, kwenye ardhi ambayo leo ni ghali kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi, kati ya mitaa miwili iliyojaa watu pomoni, kukabaki ukanda mrefu usio na nyumba? Wakazi wengi wa Dar es Salaam hupita hapo kila siku wakidhani ni bustani tu, jambo la bahati, labda ukarimu wa watu wa mipango miji wa zamani. Ukweli ni kwamba ukanda huo ulisafishwa na kuachwa wazi ili watu wa upande huu wasikae karibu na watu wa upande ule. Mnazi Mmoja ulikuwa mpaka. Na ukishalijua hilo, sehemu kubwa ya ramani ya jiji hili, kuanzia Oyster Bay hadi Magomeni, inaanza kusomeka.

Mji wenyewe haukuanza na mipaka ya namna hiyo. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, cha wavuvi na wakulima, kabla Sultani Majid bin Said wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake kando ya bandari katika miaka ya 1860. Boma la Kale lililoko Barabara ya Sokoine ni masalia ya ujenzi huo. Majid alifariki mwaka 1870, na mrithi wake, Barghash, hakuwa na hamu na mji huo. Majengo yakaanza kuota majani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifika mwaka 1887, na mwaka 1891 serikali ya kikoloni ikahamisha makao makuu kutoka Bagamoyo.

Mwaka huohuo wa 1891 ikatoka kanuni ya ujenzi, na hapo ndipo mistari ilipochorwa. Mji uligawanywa kwa kanda. Katika ukanda wa kwanza, karibu na bahari, ziliruhusiwa nyumba za namna ya Kizungu tu. Ukanda wa pili ulikuwa wa nyumba za vifaa vya kudumu, mawe na saruji, na ndiko biashara za Wahindi na Waarabu zilikokaa. Ukanda wa tatu uliruhusu nyumba za fito, udongo na makuti. Tazama jinsi kanuni ilivyotungwa: inazungumzia nyumba, si watu. Haikuwa na haja ya kusema Mwafrika asikae ufukweni. Ilitosha kutaja aina ya nyumba inayoruhusiwa hapo, nayo ni nyumba ambayo kibarua wa bandarini hangeweza kuijenga hata angefanya kazi maisha yake yote. Ni kama kumwambia mtu mlango uko wazi, ila haingii mtu bila viatu, na viatu vyenyewe ni vya bei ambayo mwenye mlango anajua huna.

Hila hiyo ya kuficha rangi ya mtu ndani ya aina ya nyumba ndiyo uti wa habari hii yote. Itabadilika sura mara mbili tatu, lakini haitatoweka.

Kwa nini hasa walitaka watu watenganishwe? Ukisoma mijadala ya wakati ule unakuta sababu tatu zimesokotwa pamoja, na ni vizuri kuzitenganisha kwa sababu moja ilikuwa na uzito wa kweli, nyingine ilikuwa nusu kweli, na ya tatu haikupenda kusemwa kwa sauti.

Yenye uzito ilikuwa moto. Nyumba za makuti zilizosongamana huungua mtaa mzima kwa cheche moja, na miji yote ya pwani ilikuwa na kumbukumbu za mioto ya namna hiyo. Nusu kweli ilikuwa malaria. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alithibitisha kwamba mbu ndiye anayehusika na ugonjwa huo. Miaka hiyohiyo Robert Koch, daktari mashuhuri wa Kijerumani, alikuwa Dar es Salaam akifanya utafiti wake. Sayansi ilikuwa sahihi: mbu humtoa vimelea mtu mmoja na kumpelekea mwingine, na watu waliokulia kwenye malaria huweza kuwa navyo bila kuugua sana. Kutoka kwenye ukweli huo likatolewa hitimisho la kisiasa: dawa ni Mzungu kukaa mbali na Mwafrika, umbali ambao mbu hawezi kuuruka. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa William Simpson kukagua usafi wa miji ya Kenya, Uganda na Zanzibar, naye akapendekeza makazi yatenganishwe kwa ukanda mtupu wa angalau yadi 300, yaani kama mita 275. Wazo hilo lilikuwa hewani Afrika Mashariki yote, liwe chini ya bendera ya Kijerumani au ya Kiingereza. Si ajabu kwamba Zanzibar nako kuna Mnazi Mmoja, uwanja wa wazi kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo.

Kasoro ya hoja hiyo ya afya ilionekana kwa macho. Mpishi, yaya, dobi na mtunza bustani walilala vyumba vya nyuma, ndani ya uga uleule wa bwana mkubwa. Kama damu ya Mwafrika ingekuwa hatari kweli kwa kiasi hicho, hao ndio wangekuwa wa kwanza kufukuzwa. Hawakufukuzwa, kwa sababu walihitajika. Mifereji ya maji machafu, kufukia madimbwi, kuweka nyavu, hayo yangewakinga watu wote, ila yanagharimu fedha, na yangebidi yafanywe pande zote mbili za mpaka.

Sababu ya tatu ilikuwa thamani ya ardhi. Kiwanja kilichoko mahali ambapo jirani yako lazima awe na nyumba ya mawe kinapanda bei na kubaki juu. Hilo halikuhitaji daktari kulithibitisha.

Wajerumani waliongeza kanuni nyingine mwaka 1914. Muda mfupi kabla ya hapo serikali yao ilikuwa imenunua shamba kubwa magharibi mwa mji ili Waafrika waliokuwa wakiishi karibu na maduka wahamishiwe huko. Viwanja vilianza kupimwa kwa mistari iliyonyooka, mitaa ikikatana mraba kwa mraba. Ndiyo hiyo mitaa tunayopitia leo tukitafuta simu, vitenge na vipuri. Pakaanza pia kujengwa jengo kubwa kwa heshima ya Kaisari wao. Halafu vita ikaja.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu historia ya eneo hili ina watu ambao jiji linawataja kila dakika bila kujua linawataja.

Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki vilipiganwa kwenye nchi isiyo na barabara za maana, yenye ndorobo wanaoua farasi, punda na ng'ombe wa kukokota. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha mgonjwa kilipaswa kubebwa kichwani na mtu. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na kwenye ile ardhi ya magharibi iliyokuwa imepimwa na Wajerumani wakaweka kambi ya kikosi chao cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo walivyoweza, na eneo likabaki Kariakoo. Nairobi nako liko eneo lenye jina hilohilo, kwa sababu ileile.

Wapagazi waliochukuliwa upande wa Waingereza na washirika wao, wengine kwa ujira, wengi kwa kulazimishwa, wanakadiriwa kufika kama milioni moja. Waliokufa wanahesabiwa na wanahistoria wengi kuwa karibu laki moja. Risasi iliwaua wachache. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Watu waliozoea mtama, ndizi au muhogo walipewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, wasio na muda wala kuni za kuupika ukaiva, na matumbo yakashindwa. Waliandamana mamia ya kilomita kwenye masika, wakiwa na mzigo wa kama kilo 25, blanketi moja na mvua.

Sasa nenda kwenye mzunguko wa Samora na Maktaba, ilipo sanamu ya Askari. Kabla ya vita mahali hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani aliyevunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri. Waingereza waliiondoa. Ikapelekwa Uingereza, kisha Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha katika miaka ya 1960, na tangu mwaka 1968 haikusimamishwa tena. Mwaka 1927 ikazinduliwa hii ya askari mwenye bunduki na singe, ikitazama bandarini. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawakumbuka askari wenyeji waliopigana, halafu yanawakumbuka wapagazi, yakiwaita miguu na mikono ya jeshi.

Wapagazi wamo kwenye maandishi, lakini hawamo kwenye sanamu. Hakuna mtu wa shaba aliyebeba gunia. Na majina yao hayakuchongwa popote. Kwenye makaburi ya vita yaliyoko njia ya Bagamoyo, ambayo yaliandaliwa mwaka 1968 baada ya makaburi ya Ocean Road kuhamishwa kupisha barabara, askari wa Kizungu ana jiwe lake, jina lake na tarehe yake. Wapagazi kwa sehemu kubwa hawana kaburi linalojulikana. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba Waafrika na Waasia wengi hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao wa Ulaya, na tume ikaomba radhi. Kwangu mimi, hadi siku yatakapopatikana majina ya watu wale, kumbukumbu kubwa zaidi waliyo nayo duniani ni kata moja ya Dar es Salaam na kondakta wa daladala anayeiita.

Baada ya vita lile jengo la Wajerumani likageuzwa soko, mwaka 1923. Lilibomolewa baadaye kupisha soko tulilolijua sisi, kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Amuli aliliezeka kwa paa la zege lenye maumbo ya faneli yanayokusanya maji ya mvua na kuyateremsha chini. Lilifunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021.

Turudi kwenye mpaka. Ni katika miaka ya 1920, chini ya Waingereza, ndipo ule ukanda wa wazi ulipokamilishwa. Nyumba za Waafrika zilizokuwa kati ya mitaa ya Wahindi na Kariakoo ziliondolewa, wenyewe wakapelekwa kwenye viwanja vya Kariakoo, na Mnazi Mmoja ikabaki tupu kwa makusudi. Uwanja wa gofu wa Gymkhana, upande wa kaskazini, ulifanya kazi kama hiyo kati ya Uzunguni na Upanga: ardhi ya starehe ambayo pia ni umbali.

Waingereza, hata hivyo, walikuwa na tatizo la kisheria ambalo Wajerumani hawakuwa nalo. Tanganyika ilikuwa chini yao kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na masharti ya udhamini yalidai raia wa nchi wanachama watendewe sawa. India ilikuwa mwanachama. Sheria inayomtaja Mhindi kwa rangi yake ingefika Geneva. Kwa hiyo ile lugha ya kanuni za Kijerumani ikawafaa mno: kanda za nyumba za namna ya Kizungu, kanda za maduka na makazi, kanda za nyumba za kienyeji. Kwenye karatasi hakuna anayebaguliwa, na kwenye ramani kila mtu yuko mahali alipopangiwa.

Si kwamba mpaka haukuvuja. Mali za Wajerumani zilipouzwa mnadani baada ya vita, wafanyabiashara wa Kihindi ndio walionunua nyingi, zikiwemo za upande wa baharini. Baadaye Wahindi walifungua maduka Kariakoo. Waafrika nao hawakuisha kabisa katikati ya mji. Anayeieleza historia hii kana kwamba palikuwa na ukuta wa mawe anaipotosha. Ilikuwa ni mteremko: mtu angeweza kuupanda, lakini kila kitu kilimrudisha chini.

Huduma zilifuata mistari ileile. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897 mahali penye upepo wa bahari, ilikuwa ya Wazungu. Leo ndiyo Taasisi ya Saratani. Waafrika walitibiwa kwenye hospitali iliyopewa jina la Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyetoa fedha za kuijenga. Hospitali hiyo haipo tena, lakini mgonjwa anayelazwa Muhimbili leo anaweza kuambiwa apelekwe jengo la Sewahaji, au la Kibasila, na huyo Kibasila ni kiongozi wa upande wa Kisarawe aliyenyongwa na Wajerumani wakati wa Maji Maji. Majina ya wodi zile ni makumbusho ambayo ndugu wa wagonjwa hupita ndani yake wakiwa na chupa za uji.

Ndani ya Kariakoo, watu waliofikiriwa kuwa ni wa kupangwa tu walijenga mji. Ndiko nyumba ya Kiswahili ilikokomaa: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi mrefu katikati, uani nyuma yenye jiko, bafu na choo, baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, akilipa serikali kodi ya kiwanja kila mwaka. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Hilo halisemwi vya kutosha. Mwanamke aliyepika vitumbua au kuuza maandazi kwa miaka mingi, akaweka akiba, akajenga, alikuwa na usalama ambao mshahara wa kibarua usingempa mtu yeyote. Simba na Yanga zote zina mizizi yake kwenye mitaa hiyo.

Na hapo mpaka ukaanza kugeuzwa kazi. Uwanja ulioachwa wazi ili watu wasikutane ulikuwa ndio mahali pekee pakubwa, karibu na Kariakoo, ambapo watu wangeweza kukutana. Wakacheza mpira, ngoma, wakaswali Idi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukajengwa hapo Ukumbi wa Arnautoglu, wengi wetu husema Anatoglo, kwa mchango wa tajiri wa Kigiriki, kwa ajili ya dansi, mikutano na masomo ya watu wazima. Na kandokando yake, kwenye Mtaa wa New Street, palikuwa na ofisi ya Chama cha Waafrika, kilichoanzishwa mwaka 1929.

Mtaa huo una mnyororo wa maisha ambao sijaona mwingine unaoufikia kwa uzito. Wissmann, yuleyule wa sanamu, alipokuja kupigana na Abushiri mwaka 1889 alileta askari wa kukodi kutoka Msumbiji. Mmoja wao alikuwa Sykes Mbuwane. Mwanawe, Kleist Sykes, alipigana upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Waafrika. Mwana wa Kleist, Abdulwahid, alipelekwa Burma na Waingereza katika Vita vya Pili, akarudi, akakiongoza chama hicho kilipokuwa kikiitwa TAA, na mwaka 1953 uongozi ukapita kwa mwalimu kijana wa Pugu, Julius Nyerere. Tarehe 7 Julai 1954, kwenye ofisi hiyohiyo, TAA ikawa TANU. Babu aliletwa kuuteka mji, mjukuu akakaa meza moja na waliouandalia uhuru, na katikati yake kuna sanamu mbili na vita viwili vya watu wengine. Mtaa wa Kipata, walikoishi akina Sykes, sasa unaitwa Kleist Sykes, na New Street ni Lumumba, kwa heshima ya Patrice Lumumba aliyeuawa Januari 1961.

Upande wa pili wa uwanja ni barabara ya Bibi Titi Mohamed. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU mwaka 1955 alitumia njia ambazo ofisi ya mkoloni haikuziona: vikundi vya lelemama, maharusi, wauza pombe, nyumba kwa nyumba. Ndani ya miezi michache wanawake waliojiunga walihesabika kwa maelfu. Nikiitazama ramani, naona jambo la haki: mistari miwili iliyokuwa kingo za ule ukanda wa kutenga watu, mmoja una jina la mwanamke wa Dar es Salaam aliyewakusanya watu, na mwingine una jina la Mkongo aliyekufa kwa ajili ya uhuru wa nchi yake.

Ingefaa niishie hapo kama mpaka wenyewe ungeishia hapo. Haukuishia.

Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb ilitoa mpango mkuu wa mji. Dunia ilikuwa imetoka kupigana na Hitler, na maneno ya kugawa watu kwa rangi yalianza kuwa aibu. Mpango ukazungumzia msongamano: maeneo ya viwanja vikubwa, ya kati na vidogo. Oyster Bay na Msasani, viwanja vikubwa vyenye upepo na miembe. Upanga, viwanja vya kati, ambako jamii za Kihindi zilijenga. Ilala, Magomeni, Temeke, viwanja vidogo na kota za serikali. Hiyo ndiyo mara ya pili hila ilipobadili sura. Mwanzo ilikuwa vifaa vya ujenzi, sasa ni ukubwa wa kiwanja. Kigezo hiki cha pili kilidumu zaidi, maana baada ya uhuru hakuna aliyekiona kuwa ni cha kikoloni. Alionekana afisa mipango anafanya kazi yake.

Uhuru uliwabadilisha wakazi bila kuibadilisha ramani. Waziri wa Kiafrika alihamia Oyster Bay. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, yakaenda kwa Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi za Kihindi za katikati ya mji zilipoteza nyumba, na wengi wakaondoka nchini. Wapangaji walibadilika, ngazi na varanda zikabaki zilezile. Magomeni Kota zilibomolewa na mahali pake pakajengwa maghorofa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo, yakazinduliwa mwaka 2022. Hiyo ni moja ya mara chache ambazo wakazi wa viwanja vidogo wamerudishwa palepale badala ya kusukumwa pembeni ya jiji.

Kariakoo ndiko mzigo wa ramani ya zamani unakoonekana zaidi sasa. Viwanja vyake vilipimwa kwa nyumba ya vyumba sita isiyo na ghorofa, na mitaa yake kwa mtu wa miguu na mkokoteni. Leo kwenye kiwanja kilekile kunapanda jengo la ghorofa kumi au zaidi, ukuta umegusana na ukuta wa jirani, chini kumechimbwa ghala, na magari ya zimamoto hayapiti. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo moja liliporomoka, watu wakifanya kazi ya kuchimba chini yake, na zaidi ya watu 20 wakafa. Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo, kama ilivyopasa. Lakini tume inayopima nguzo, nondo na zege inaangalia nusu ya jambo. Nusu nyingine ni vipimo vya viwanja vilivyowekwa na watu waliotaka Mwafrika akae kwenye eneo dogo kadiri ilivyowezekana, ng'ambo ya uwanja mtupu, na ambavyo hadi leo havijapimwa upya kwa ajili ya soko linalolisha na kuvisha nusu ya nchi na majirani zake. Ramani hiyo nayo ingewekwa mezani pamoja na sampuli za zege.